Kurithi au Kurithishwa? Uhakiki wa Insha za Wanafunzi Kuhusu Ukoo wa Cochran na Mchezo wa Theluji

Utangulizi

Kwa kawaida ukurasa huu wa uhakiki hushughulikia riwaya, tamthilia na diwani za watunzi wanaojulikana. Safari hii tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie, kwani tumekusudia kuhakiki kazi za watunzi wasiojulikana kabisa, nao ni wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu katika somo la utungaji. Mwishoni mwa muhula uliopita tuliwapa kazi moja ngumu. Tuliwataka waandike kwa Kiswahili, kwa ajili ya msomaji wa kawaida wa gazeti, kisa cha ukoo wa Cochran wa jimbo la Vermont, Marekani, ambao kwa vizazi vitatu umekuwa ukishiriki mchezo wa kuteleza juu ya theluji.

Wenzetu katika chumba cha walimu walituuliza: theluji ya nini hapa Uganda? Swali lao ni la haki. Ukiwaacha wachache wanaotoka upande wa Kasese, ambao anga likiwa safi huiona theluji ya Rwenzori kwa mbali, hakuna mwanafunzi wetu aliyewahi kuikaribia. Lakini hiyo ndiyo sababu yetu. Mwanafunzi akipewa mada ya kandanda au ya uchaguzi huandika kwa maneno ya gazeti la jana. Akipewa theluji hana pa kunakili. Hulazimika kufikiri kwa lugha yake mwenyewe, na hapo ndipo mwalimu huona lugha hiyo imebeba nini ndani yake.

Kwa hakika tulichokiona kilitufurahisha kwa upande mmoja na kutusumbua kwa upande mwingine. Makala haya yanaeleza yote mawili. Hatutamtaja mwanafunzi yeyote kwa jina, wala hatukusudii kumcheka mtu. Kosa tunalolizungumzia ni la wengi, na tutakavyoonyesha, hata sisi walimu hatukuepukana nalo.

Kisa chenyewe

Ili msomaji afuate hoja zetu, ni vema tukamweleza kwa ufupi habari tulizowapa wanafunzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mhandisi mmoja aitwaye Mickey Cochran na mkewe Ginny walinunua nyumba ya shamba katika kijiji cha Richmond, Vermont. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na kilima, na mwaka 1961 Mickey alifunga hapo kamba ya kuvutia watu. Mtambo huu ni rahisi kuueleza. Kamba ndefu huzungushwa na injini kupitia magurudumu, moja chini na jingine juu ya kilima. Mtelezaji aliyevaa mbao zake za skii huishika kamba kwa mikono, nayo humburuta hadi juu, kisha huiachia na kuteremka. Akifika chini huishika tena.

Watoto wao wanne, Marilyn, Barbara Ann, Bob na Lindy, walifanya mazoezi hapo jioni baada ya shule. Wote wanne waliingia timu ya taifa ya Marekani. Mwaka 1969 Marilyn alitwaa taji la msimu la Kombe la Dunia katika aina moja ya mbio za kuteremka milimani, akawa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo. Mwezi Februari 1972, katika Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Sapporo, Japani, watatu kati yao walishindana, na Barbara Ann, akiwa na umri wa miaka 21, alipata medali ya dhahabu katika slalomu. Katika mbio hizo mtelezaji hupinda kushoto na kulia kupita kati ya vijiti vilivyosimikwa kwenye mteremko. Alimshinda Danièle Debernard wa Ufaransa kwa sekunde 0.02. Bob alishiriki mbio za Kombe la Dunia kwa miaka kadhaa, kisha akasomea udaktari. Lindy alishiriki Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1976.

Kizazi cha tatu kikafuata. Wajukuu sita wa Mickey na Ginny waliwahi kuwa katika timu ya taifa. Jimmy, mwana wa Bob, na Jessica Kelley, binti wa Lindy, walishiriki Olimpiki ya Torino mwaka 2006. Ryan Cochran-Siegle, mwana wa Barbara Ann, alipata medali ya fedha mjini Beijing mwezi Februari 2022, miaka hamsini kamili baada ya dhahabu ya mama yake. Mbio zake ni zile ziitwazo supa-ji, ambazo zina kasi kubwa zaidi kuliko slalomu na vijiti vyake vimetawanyika zaidi. Alishindwa na Matthias Mayer wa Austria kwa sekunde 0.04.

Hiki ni kisa kizuri, wala hakihitaji kupambwa. Tuone basi wanafunzi wetu walikifanya nini.

Msamiati wa baridi

Tuanze na yaliyotufurahisha. Tulihofu kwamba kila insha ingejaa maneno ya Kiingereza, lakini hofu hiyo haikutimia. Mwanafunzi mmoja alitofautisha theluji na barafu kwa ufasaha, akieleza kwamba theluji hudondoka kama pamba na barafu hushikana kama jiwe, na kwamba mtelezaji huipenda ya kwanza na kuiogopa ya pili. Mwingine, aliyekosa neno la kuita ule mtambo wa kamba, aliuita "kamba ya kisima inayoteka watu". Tuliweka alama ya vema pembeni. Aliyewahi kuteka maji kisimani anaelewa mara moja: ndoo hupanda kwa kamba, humwaga, hushuka, hupanda tena. Hapo lugha imeifikia theluji kwa njia ya kisima, na hakuna kamusi iliyohitajika.

Wengine walihesabu. Waliona kwamba sekunde 0.02 haisemi chochote kwa msomaji wa kawaida, wakaigeuza kuwa umbali. Mtelezaji wa slalomu akienda kwa makadirio ya kilomita 40 kwa saa, muda huo ni sawa na sentimita 22 hivi, yaani shibiri moja ya mkono wa mtu mzima. Naye Ryan, kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, alikosa dhahabu kwa mita moja na kidogo, yaani hatua moja ya mtu mrefu. Mama alishinda kwa shibiri, mwana akashindwa kwa hatua. Sentensi hiyo tuliikuta katika insha ya mwanafunzi ambaye muhula mzima hakuwahi kunyosha mkono darasani.

Methali zilizopotea njia

Sasa tuje kwenye yaliyotusumbua. Zaidi ya nusu ya insha zilifunguliwa kwa methali, nasi hatuna ugomvi na methali. Ugomvi wetu ni na methali gani, na imefanya kazi gani.

Iliyotumiwa sana ni "Mtoto wa nyoka ni nyoka". Mwanafunzi anamsifu bingwa wa Olimpiki na mwanawe, na neno la kwanza analowapa ni nyoka! Methali hii katika matumizi ya wenyewe huonya: usimwamini mtoto wa mbaya, naye atakuuma. Haikutungwa kwa ajili ya kumpongeza mtu. Ya pili ni "Damu nzito kuliko maji". Hii nayo inahusu upendeleo na uaminifu wa jamaa, kwamba siku ya shida ndugu hatamwacha ndugu. Haisemi lolote kuhusu kipaji.

Tungeweza kuishia hapo, tukatoa alama tukaenda zetu. Lakini makosa yanapofanana kwa watu wengi namna hii, mhakiki hana budi kuuliza yanatoka wapi. Kwa maoni yetu, wanafunzi hawa hawakukosa methali, bali walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya kuandika kwamba kisa ni cha damu, ndipo wakashika methali yoyote iliyotaja uzazi. Sentensi zilizofuata zinathibitisha hivyo: "kipaji kilikuwa katika damu yao", "walizaliwa mabingwa", "mchezo huu ni wa ukoo wao". Baada ya sentensi kama hizo, ile kamba, kile kilima na zile jioni za baada ya shule hubaki kuwa mapambo. Kisa kimekwisha katika aya ya kwanza, kwa sababu damu imekwisha kueleza kila kitu.

Hatukatai kwamba mtoto huweza kuchukua umbo la mwili, nguvu za miguu au wepesi wa macho kutoka kwa wazazi wake. Ingekuwa ujinga kukataa. Lakini damu inaweza kweli kueleza shibiri moja? Danièle Debernard naye alikuwa na damu yake, na mteremko ulikuwa uleule. Na ikiwa damu ndiyo iliyompa Ryan medali, tueleze vipi kwamba alipata jeraha kubwa la goti mwaka 2013, akavunjika mfupa wa shingo mwezi Januari 2021 katika mbio za Kitzbühel, na bado mwaka mmoja baadaye akasimama jukwaani Beijing? Mwandishi anayesema "damu" hana nafasi ya goti wala ya shingo. Ndiyo maana insha nyingi hazikuvitaja kabisa, ingawa vilikuwamo katika habari tulizotoa.

Methali zilizofaa zilikuwapo, tena karibu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." "Samaki mkunje angali mbichi." Na iliyo bora kuliko zote kwa kisa hiki ni ile ya kale isemayo, "Mwana hutazama kisogo cha nina". Mtoto yuko nyuma, mama yuko mbele, na mtoto anajifunza kwa kuangalia. Barabara ya theluji mtoto huishuka hivyohivyo, nyuma ya mama yake. Barbara Ann, baada ya kuacha mashindano, alifundisha watoto wadogo palepale kilimani kwao, na kuwafundisha wazazi namna ya kuwafundisha watoto wao. Ni wanafunzi wawili tu walioikumbuka methali hii. Mmoja alituambia aliipata kwa bibi yake, Mnubi wa Bombo.

Nani ameachwa nje?

Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba swali la kwanza la mhakiki ni hili: katika simulizi hii, nani anasema na nani amenyamazishwa? Wanalijibu vizuri wanapohakiki riwaya za watu. Walipogeuka kuwa watunzi walilisahau.

Katika insha nyingi Mickey ndiye shujaa. Ananunua shamba, anafunga kamba, anawafundisha watoto, anawapeleka Olimpiki. Ginny anapata sentensi moja, na mara nyingi ni kwamba "alimsaidia mumewe". Lakini habari tulizotoa zilieleza kwamba Ginny ndiye aliyewafundisha watoto wa majirani, kwamba watoto wa kijiji walikuja kuteleza katika kilima kile, na kwamba katika miaka ya mwanzo jiko la nyumba yao ndilo lililokuwa mahali pa kuotea moto na kubadilishia viatu. Mtu aliyewahi kuishi katika nyumba yenye watoto wanne anajua maana ya kufungulia watoto wa kijiji kizima jiko lake, na viatu vyao vya theluji.

Hatudhani kwamba wanafunzi walikusudia kumdharau. Tunadhani umbo la simulizi ndilo lililowaongoza. Simulizi ya damu huhitaji nasaba, na nasaba zetu nyingi huhesabiwa kwa upande wa kiumeni: fulani bin fulani bin fulani. Ukishika mkondo huo, mama hana pa kukaa, hata kama katika kisa hiki medali mbili za Olimpiki zimepita kwa mama kwenda kwa mwana. Na majirani wana pa kukaa hata kidogo kuliko mama, kwa kuwa hawamo katika damu.

Kauli ya kutendesha

Hapa tunaomba ruhusa ya kuwa walimu wa sarufi kwa kitambo kidogo, kwani tunaamini tatizo zima limejificha katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja.

Karibu kila insha ilitumia kitenzi "kurithi". Watoto walirithi, wajukuu walirithi, Ryan alirithi kwa mama yake. Kitenzi hiki kiko katika kauli ya kutenda, lakini tukichunguza maana yake, mrithi hatendi kitu. Hungoja. Aghalabu hungoja mtu afe. Shamba linamjia, ng'ombe wanamjia, na sifa yake pekee ni kwamba amezaliwa mahali panapostahili.

Kiswahili kinayo pia kauli ya kutendesha: "kurithisha". Ukiongeza -sh- mambo hubadilika. Sasa yuko mtu anayefanya kazi, tena akiwa hai. Anafunga kamba, anawasha injini, anasimama kwenye baridi na kumwambia mtoto arudie tena. Na iko kauli ya kutendana, "kurithishana", ambayo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeitumia, ingawa ndiyo inayofaa zaidi kwa watoto wanne waliofuatana chini ya kilima kimoja na kwa binamu sita waliokuja baada yao.

Hili si suala la kukosoa viambishi kwa ajili ya kukosoa. Anayeandika "Ryan alirithi" amefunga mlango. Anayeandika "Ryan alirithishwa" analazimika kujibu maswali: na nani? kwa njia gani? kwa muda gani? mahali gani? Na akijibu, kile kilima kidogo kitarudi katikati ya kisa, mahali pake. Siri ya kilima kidogo chenye kamba ni kwamba mtoto hapotezi muda mwingi kupanda. Anateremka, anashika kamba, anateremka tena. Katika jioni moja atarudia kosa lake mara nyingi mpaka liishe. Mlima mkubwa wa kifahari una mandhari nzuri zaidi, lakini mtelezaji huteremka mara chache.

Mfano wa ndugu yetu wa Kenya

Baadhi ya wanafunzi walikwenda hatua moja mbele, wakalinganisha kisa hiki na cha Philip Boit. Wasomaji wetu wenye umri wa kutosha watamkumbuka. Huyu ni Mkenya aliyekuwa mkimbiaji, akaanza kufundishwa skii ya nyika nchini Finland mwaka 1996, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda mbio hizo, alimngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na alishiriki tena Olimpiki za mwaka 2002 na 2006.

Ulinganisho huu ni mzuri, lakini wanafunzi wengi waliufasiri kinyume. Waliandika kwamba Boit hakushinda kwa kuwa "theluji haimo katika damu ya Mwafrika". Tulisikitika kuisoma sentensi hiyo kutoka kwa vijana wetu wenyewe. Boit anatoka katika ukoo wa Mike Boit, aliyepata medali ya shaba katika mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mwaka uleule wa dhahabu ya Barbara Ann. Ikiwa ni damu ya wanamichezo, anayo ya kutosha. Alichokosa ni kamba nyuma ya nyumba yao akiwa na umri wa miaka mitano. Alianza mchezo akiwa mtu mzima, akashindana na watu waliovaa mbao za skii tangu utotoni. Kwa miaka miwili ya mafunzo alimaliza mbio za Olimpiki. Ukilisoma hivyo, jambo hili halionyeshi kushindwa kwa damu yoyote. Linaonyesha thamani ya miaka ya utoto.

Tuwe waangalifu, hata hivyo, tusije tukabadilisha hadithi moja rahisi kwa nyingine rahisi. Mwanafunzi mmoja mwerevu aliandika kwamba "mtoto yeyote mwenye kamba na kilima angeshinda dhahabu". Sivyo. Mickey alikuwa mhandisi aliyeweza kuunda mtambo, alikuwa na ardhi, na aliishi mahali penye majira ya baridi. Watoto wengi wa Richmond walishika kamba ileile na hawakuona Olimpiki isipokuwa kwenye televisheni. Malezi hayampi mtu medali kama vile damu isivyompa. Malezi humfikisha mtoto mahali ambapo shibiri moja inawezekana.

Urithi na amana

Tumebakiwa na tukio moja ambalo takriban insha zote zililipuuza, nalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha kisa. Mwaka 1998, mwaka ambao Mickey alifariki dunia, kilima cha Cochran kilifanywa kuwa shirika lisilo la faida. Msimamo wake ni kwamba mtoto yeyote asikose nafasi ya kuteleza kwa sababu ya fedha.

Hebu tulipime tukio hili kwa maneno yetu wenyewe. Kiswahili kina "urithi" na kina "amana". Urithi ni mali, na mali hugawanywa: huyu sehemu yake, yule sehemu yake, na aghalabu baada ya mgawanyo huja kesi. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze kwa ajili ya wengine, nawe utaulizwa juu yake. Ukoo huu ulikuwa na kitu ambacho ungeweza kukiita urithi ukakifungia mlango. Ukaamua kiwe amana ya kijiji. Kwa kufanya hivyo ulikiri wazi kwamba kilichowatengeneza mabingwa wake kinaweza kupewa mtoto wa jirani.

Hapa ndipo simulizi ya damu inapoanguka kabisa. Kama mchezo ungekuwa katika damu yao, kulikuwa na haja gani ya kukitunza kilima? Wangekiuza, na damu ingeendelea. Wao wenyewe, waliokijua kisa kwa ndani, hawakuiamini hadithi ambayo wanafunzi wetu waliiandika kwa niaba yao.

Hitimisho: na sisi je?

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumetumia kurasa zote hizi kwa kosa la insha za darasani. Tutamjibu kwa kumweleza jambo lililotokea siku tuliporudisha kazi hizo.

Mwanafunzi mmoja, ambaye insha yake ilikuwa na damu kuliko insha zote, alibaki nyuma baada ya wenzake kutoka. Alituambia, "Mwalimu, nimekuelewa. Lakini hata Kiswahili ni hivyohivyo. Sisi si watu wa pwani. Tutakisoma, tutafaulu mtihani, lakini hakitakuwa chetu. Wenyewe wamezaliwa nacho." Alisema kwa upole, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hapo tukatambua kwamba insha yake haikuwa ya Vermont hata kidogo.

Hatukumjibu vizuri siku ile. Jibu letu ni hili. Sisi wenyewe tumezaliwa Busoga, na lugha ya mama yetu ni Lusoga. Tulipokwenda Dar es Salaam kwa shahada ya uzamili, katika semina ya kwanza tulisema "kitabu yangu" mbele ya watu, na kicheko kilichofuata tunakisikia hadi leo. Lakini karibu na bweni palikuwa na mama lishe mmoja. Kila tulipoagiza chakula alitusahihisha, bila kucheka na bila kuchoka. Sahani yangu. Kijiko changu. Maji yangu. Maharage yangu. Siku ya pili tena, na siku ya tatu tena. Hatukurithi ngeli kwa mtu. Mama yule alituvuta juu kwa kamba, tukateremka, akatuvuta tena.

Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi haya ni mazuri. Hata hivyo, yatakuwa kazi bure ikiwa walimu tutakaowatuma katika shule hizo wanaamini moyoni kwamba lugha hii ni urithi wa watu wengine. Tayari wako wazazi wanaoikumbuka kama lugha ya askari, na hawahitaji kusaidiwa na mwalimu asiyejiamini. Mwalimu wa namna hiyo atafundisha sarufi kama mtu anayeonyesha wageni nyumba isiyo yake. Hatagusa kitu, na watoto wataona.

Kwa hiyo tumewarudishia wanafunzi kazi zao waziandike upya, kwa masharti mawili tu. Kwanza, neno "damu" lisitumike isipokuwa mtu amejeruhiwa. Pili, kila palipo na "kurithi" pawe na "kurithisha" au "kurithishana", na mwandishi aseme nani, wapi na kwa vipi. Yule mwanafunzi aliyebaki nyuma ameshaleta yake. Inaanza jikoni kwa Ginny, viatu vya watoto wa majirani vikiwa vimepangwa mlangoni na theluji ikiyeyuka juu ya sakafu. Bado ina makosa mawili ya ngeli. Tumeyazungushia duara, tukamwambia arudie tena.

Tunawakaribisha walimu wenzetu wa shule na vyuo watuletee maoni yao, na hasa wale watakaolijaribu zoezi hili darasani kwao.